Mashine Waliyogawana

Nyumbani, 9 Februari

Kwako baba mdogo,

Kabla ya salamu niseme hili, maana nikianza na salamu nitaishia hapo hapo na kuikunja karatasi. Mashine ya babu ya kukereza vyuma naiendesha mimi. Baba haoni. Jicho la kushoto lilikwisha mwaka jana, na la kulia linaona ukungu wenye watu ndani yake. Sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Mama anajua macho ya baba yamepungua, lakini anadhani kazi yangu ya karakana ni kushika tochi na kufagia.

Sasa nakusalimu. Shikamoo. Ukiacha hayo, sisi wazima. Mama bado anafanya usafi hospitali, anatoka alfajiri na kurudi hana hata nguvu ya kugomba. Shule nimemaliza, matokeo yalikuwa ya kawaida, hayakunipeleka mbele wala hayakuniaibisha. Na Msumari hajambo? Nadhani mwanao sasa ananipita kwa urefu. Jina alilopewa na baba kwa ajili ya wembamba wake bado ndilo tunalolijua hapa, lile la kwenye vyeti hakuna anayelikumbuka. Mwambie namsalimu sana.

Anwani ya kazini kwako nimeipata kwa dereva wa lori la vyuma, aliyesema huwa anakuona kwenye geti la kiwanda. Naandika kwa sababu kwenye simu huwa nameza maneno.

Kazi tunaifanya hivi. Baba anakaa kwenye kiti karibu na mlango, anawapokea wateja, anabishana nao, anapapasa chuma chao na kusema kina shida gani. Wakiondoka ananipa mimi nyuma ya kizuizi cha mbao, nakereza huku yeye anasikiliza. Kisu cha mashine kikianza kulia anajua kimekuwa butu kabla sijajua mimi. Anasema yeye ni mdomo na mimi ni mikono, na kwa msichana asiyeongea huo ni mgawanyo wa haki.

Ila sasa tumekwama. Mwenye kinu cha kusaga nafaka ametuletea shafti mpya, kile chuma kirefu kinachozungusha kinu. Mwisho wake unatakiwa ukatwe nyuzi ili nati ishike. Mashine yetu haikati nyuzi, na sababu unaijua. Mlipogawana mali ya babu, baba alichukua mashine, wewe ukachukua sanduku la giya zake za kubadilishia, zile zinazoiwezesha kukata nyuzi, ili asiwepo wa kumzidi mwenzake. Tangu hapo baba amekuwa akiwaambia watu kwamba nyuzi hakati kwa sababu hapendi. Zamani walicheka. Siku hizi wanakwenda kwingine. Mwenye kinu ndiye mteja mkubwa tuliyebaki naye, na amesema atasubiri mpaka nafaka mpya ianze kuja, basi. Baba amesema shafti hii ikimshinda atawaita watu wa chuma chakavu waje wapime mashine kwa kilo. Alisema polepole, bila hasira. Ndiyo maana namwamini.

Naomba giya, baba mdogo, hata kwa kuazima. Baba hajui kama nimeandika. Jina lako humu ndani halitajwi. Likikaribia kutajwa mama huanza kuosha vyombo hata kama ni visafi.

Ni mimi mwanao,
Kimya (ndivyo baba anavyoniita sasa)


Getini, 27 Machi

Mwanangu Kimya,

Marahaba. Barua yako ilikaa kwa mlinzi muda mrefu, na mlinzi wetu ni mtu wa kulala. Mimi mzima. Mama yako mdogo yupo, kifua kinamsumbua na hatoki sana. Kazi ni ile ile ya mabati, tunaziba masikio kwa pamba na jioni tunazungumza kwa kupiga kelele kama waliogombana.

Kwamba umeshika mashine sikushangaa. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiokota vile vipande vya chuma vilivyojiviringisha na kuvipanga kichwani ukisema umesuka nywele. Sasa nisikilize kama nilivyomsikiliza babu yako. Usivae mikono mirefu. Nywele funga kitambaa, uchomeke ncha zote. Chuma kinachozunguka hakijui mtoto wa nani.

Giya zipo. Nimezipaka grisi, nimezifunga kwenye gunia, ziko chini ya kitanda na wageni wake ni panya tu. Lakini kuzituma kwa sasa haiwezekani. Mzigo ni mzito na yule dereva simwamini hata kwa salamu.

Nakushauri utafute kwa wauza mashine kuukuu wa huko huko. Mashine za aina yetu zilikuwa nyingi, nyingi zimekufa, na viungo vyake vimetupwa vichochoroni. Toa giya moja iliyobaki ndani ya mashine uende nayo kama kielelezo. Pima tundu la katikati kwanza, maana meno yakilingana na tundu lisilingane umenunua pambo. Igonge kwa spana: nzima hulia kama kengele, yenye ufa hulia kama sufuria. Pitisha ukucha kwenye jino; likikukwaruza kama wembe, limelika. Na muuzaji akikuapia kwamba ni mpya kabisa, iweke chini uondoke.

Usimwambie baba yako kama nimejibu.

Baba yako mdogo


Nyumbani, 2 Mei

Baba mdogo, shikamoo.

Mpe pole mama mdogo, ajaribu kukaa penye jua la asubuhi. Mama kazini wamemhamishia kufagia wodi ya juu, na ngazi zinammaliza. Baba miguu imeanza kuvimba. Daktari anasema ni sukari, ilianzia machoni na sasa imeshuka kwenye figo. Tulipotoka pale baba aliniambia daktari mwenyewe bado mtoto, hata sauti haijamkomaa. Njia nzima nilimshika mkono kama mtu anayemshika kwa mapenzi tu, ili watu wasijue namwongoza.

Nimekwenda kwa wauzaji. Siku ya kwanza nilipita mbele ya duka, nikarudi, nikapita tena, mpaka mwenye duka akaniuliza kama nimepoteza kuku. Huyo wanamwita Bwana Ipo, kwa sababu lolote utakalouliza, jibu ni ipo. Nilimwonyesha giya ya kielelezo, akasema ipo, nikae. Nikakaa juu ya ndoo. Alituma watu, alipiga simu, na kila baada ya muda analeta kitu: giya ya pikipiki, giya ya winchi, mwisho gurudumu la cherehani. Nilipotikisa kichwa alinisikitikia kweli.

"Binti," akasema, "giya ni giya. Meno yakiuma, yameuma."

Akaniapia kwamba lile gurudumu ni jipya kabisa. Nikaliweka chini nikaondoka, naye akanifuata mpaka barabarani akipunguza bei.

Kwenye yadi zilizobaki walinicheka, au waliniuliza nimetumwa na nani. Mmoja alisema nimlete mwanamume ndipo tuzungumze. Nilipokuwa nakata tamaa ndipo nikafika kwa Mama Beringi. Kibanda chake kiko mwisho kabisa, beringi zimetungwa kwenye waya kama bangili. Akitaka kujua kama beringi ni nzima huizungusha kwenye kidole karibu na sikio, amefumba macho. Aliniambia wazi kwamba giya za namna hiyo hana. Lakini madalali humletea viungo kwa magunia kutoka miji mingine, vimegandwa na uchafu, na yeye hajui amenunua nini mpaka vioshwe. Basi nimekuwa mwoshaji wake kila mchana, kwa mafuta ya taa na brashi. Tumekubaliana kwamba nikikuta giya ya kunifaa, hiyo ndiyo ujira wangu. Vidole vimechubuka. Alitaka pia niwaite wateja. Niliita mara moja, akasema hata mbwa aliyelala pale hakugeuza sikio, kwa hiyo niendelee tu kuosha.

Mpaka sasa sijapata kitu. Baba mdogo, kama giya ziko chini ya kitanda, haziwezi kuja hata moja moja?

Na barua yako haikumtaja Msumari. Amekwenda shule ya bweni?

Mwanao,
Kimya


Getini, 19 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Sisi tupo. Mvua imekatika huku, vumbi limerudi.

Huyo Bwana Ipo usirudi kwake. Huyo mama usimwache. Muuzaji anayesema hana ni hazina. Mafuta ya taa yakikuchubua, paka grisi safi mikononi kabla ya kuanza.

Baba yako huwa ananitaja hata kwa ubaya?

Hayo mengine uliyoniuliza nitakujibu nikipata nafasi.

Baba yako mdogo


Nyumbani, 14 Julai

Baba mdogo, shikamoo.

Mama anaendelea. Baba siku hizi hawezi kukaa kwenye kiti muda mrefu, tumeweka godoro karakana, karibu na mlango, wateja wanaambiwa mgongo unamuuma. Uliuliza kama anakutaja. Hakutaji. Lakini juzi usingizini alikuwa anagombana na mtu kuhusu nani alale upande wa ukutani, na mimi nadhani alikuwa na wewe.

Jumatatu Mama Beringi aliletewa gunia. Chini kabisa palikuwa na donge la grisi iliyokauka, ngumu kama sabuni. Nililichemsha, nikalisugua, zikatoka giya, moja baada ya nyingine. Nikapima tundu, likalingana na la kielelezo changu bila kubisha. Nikazigonga, zikalia kama kengele. Mama Beringi alipiga makofi, na mimi nilicheka kwa sauti, jambo ambalo alisema hakujua kama naweza.

Kisha nikapitisha ukucha kwenye meno kama ulivyonifundisha. Kando ya jino moja palikuwa na mkwaruzo wa tupa. Nikashika ya pili, mkwaruzo mahali pale pale. Zote zilikuwa nao.

Baba alikwisha kunieleza. Alama hiyo aliitia babu mwenyewe, ili umeme ukikatika aweze kuhesabu meno kwa kidole na kujua alipoanzia. Baba anasema mafundi wenzake walikuwa wakimcheka, hakuna fundi mwingine aliyefanya hivyo.

Nilimwuliza Mama Beringi gunia limetoka wapi. Alisema kwa dalali, na dalali kwa dalali mwingine, na yule wa kwanza hununua upande wa huko uliko. Alisema vyuma hutembea kuliko watu.

Uliniandikia kwamba ziko chini ya kitanda.

Nimezificha nyuma ya pipa la oili. Baba sijamwambia, maana sina la kumwambia. Mashamba yameanza kukauka na mwenye kinu amekuja kuitazama shafti yake, akaizunguka kama mtu anayetazama mgonjwa, akaondoka. Nijibu upesi. Sitakugombeza. Nataka tu kujua.

Mwanao,
Kimya


Nyumbani, 20 Agosti

Baba mdogo,

Sijapata jibu. Baba amelazwa. Mwenye kinu ameongeza siku kwa sababu ya huruma, na huruma ina mwisho. Nijibu hata kwa mstari mmoja.

Kimya


Getini, 3 Septemba

Mwanangu,

Leo sina salamu za kukupa.

Giya niliziuza mimi. Aliyekuandikia uongo kwamba ziko chini ya kitanda ni mimi pia, na nilipoandika nilikaribia kuuamini.

Msumari aliumwa tumbo, ni miaka sasa. Tulidhani ni la kawaida. Tulipofika hospitali walisema apasuliwe upesi na wakataja fedha wanazotaka. Nilikwenda kupiga simu, namba ya baba yako nikiwa nayo kichwani. Nikabonyeza tarakimu za mwanzo, nikaacha. Nilijiambia atanijibu: kwanza leta giya. Labda asingesema hivyo. Hilo sitalijua tena. Nikazitoa chini ya kitanda, nikampa dalali wa kwanza niliyemwona, hakuzifungua hata kuzitazama.

Walimpasua. Hakuamka.

Tulimzika sisi wawili na majirani. Mama yako mdogo aliniuliza kama nimewaarifu, nikamwambia nimewaarifu. Tangu siku ile anasubiri pole ya baba yako, na kwa kuwa haijafika amewachukia nyote. Ndiyo maana hukupata salamu yake hata moja. Yeye hajui hata kama unaniandikia.

Uliposema labda anakupita kwa urefu, ile karatasi niliikunja nikaiweka kwenye kiatu na kutembea nayo siku nzima.

Mwambie baba yako yote. Mimi nimeshindwa. Akitaka kunilaani ana haki, yeye ni mkubwa.

Baba yako mdogo


Nyumbani, 28 Septemba

Baba mdogo, shikamoo, na pole. Pole hii imechelewa miaka, lakini ni yako. Msomee na mama mdogo pia, kama atakubali kuisikia.

Barua yako niliisomea chooni kwa sababu ndipo penye mlango. Mama aliniuliza macho yana nini, nikasema mafuta ya taa.

Baba wamemrudisha nyumbani. Hawakusema amepona, walisema hawana la kuongeza. Aliomba alazwe karakana, kwenye lile godoro, na mama safari hii hakubisha.

Nilikuwa nimeamua kumwambia yote, kama ulivyotaka. Nilijizoeza maneno usiku kucha. Nikaleta giya kutoka nyuma ya pipa, nikamwekea moja mikononi. Aliipapasa, akaigeuza. Kidole chake kikapita meno, kikafika kwenye mkwaruzo, kikasimama. Kisha, kabla sijafungua mdomo, akasema:

"Nilijua hataziuza. Mtu hauzi mfupa wa babake."

Maneno yote niliyojizoeza yalikwisha. Akauliza nani kaleta.

"Baba mdogo ametuma," nikasema. "Kwa lori."

Hakulia. Aliomba maji, akanywa, akaniambia nifunge nywele tukate nyuzi kabla hajachoka.

Alizihesabu mwenyewe kwa kidole na kuniambia ipi ikae juu, ipi chini. Nilipitisha kisu mara ya kwanza kidogo tu, kama mtu anayechora kwa ukucha. Akasikiliza. Rudisha, akasema, ongeza kidogo, sasa acha. Nati iliingia kwa vidole viwili mpaka mwisho. Baba aliomba apewe shafti hapo hapo godoroni, akawa anaifunga nati na kuifungua, anaifunga na kuifungua.

Mwenye kinu alipokuja kuichukua alimsifu fundi kwamba mkono wake haujazeeka. Baba akasema mkono si wake, ni wa binti yake, tangu mwaka jana. Mama alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. Aliiweka ndoo chini, akaja nyuma yangu, akakikaza kitambaa changu cha kichwa mpaka kikaniuma.

Watu wa chuma chakavu hawataitwa. Hilo limekwisha. Lililobaki ni la baba, na hilo daktari ametuambia wazi kwamba halina siku nyingi.

Amenitaka nikuandikie maneno yake, nami nayaweka kama alivyoyatamka: "Mdogo wangu, mzigo umefika. Tulikuwa wajinga wawili wenye mashine moja. Njoo, na umlete Msumari aone kazi ya dada yake."

Nilipofika kwenye jina hilo kalamu ilisimama. Akaniuliza kama nimemaliza, nikasema nimemaliza.

Habari ya Msumari ni yako. Sikuisema na sitaisema. Ukifika ukaushika mkono wa baba utajua mwenyewe kama ni ya kusemwa au ya kubaki nawe. Lakini mama mdogo mwambie ukweli kabla hamjapanda gari, kwa sababu yeye ana miaka mingi ya kuishi na chuki isiyo na mwenyewe.

Habari ya giya ni yangu, na hiyo ndiyo nakuomba. Ulizituma wewe. Ulizipaka grisi, ukazifunga kwenye gunia, ukampa dereva. Baba akikushukuru, pokea shukrani, hata zikikuchoma. Usije ukatubu mbele yake ili wewe upate nafuu. Mama Beringi nimemwomba, akanijibu kwamba yeye huuza beringi, maneno hauzi. Mama hajui. Tumebaki mimi na wewe. Njoo upesi, baba mdogo, na usimwambie.

Mwanao,
Kimya